Ofisi Isiyoandika Sababu ya Kukukatalia

Anayekusudia kuilalamikia ofisi ya serikali nchini Kenya kwa ubaguzi hukabiliwa na tatizo ambalo mawakili wanalifahamu kwa kusoma na wananchi wanalifahamu kwa kuzungushwa: ofisi iliyombagua haikuandika lolote. Hakuna barua ya kumkatalia, hakuna fomu iliyogongwa muhuri wa kukataliwa, wala hakuna jina la afisa aliyeamua. Kuna maneno tu yaliyosemwa dirishani, na maneno hayo ni ya adabu mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Maoni yangu ni kwamba malalamiko mengi ya ubaguzi hufia hapo hapo, kabla hayajafika kwenye tume wala mahakamani, na kwamba sheria iliyopo ina dawa ya tatizo hili, ila mwananchi ameachiwa aitafute mwenyewe.

Nitazungumzia kitambulisho cha taifa, kwa sababu ndipo ubaguzi wa ofisi za umma ulipojionyesha kwa muda mrefu zaidi na kwa watu wengi zaidi: Wanubi wa Kibera, Wasomali wa Kaskazini Mashariki, na hapa Pwani Waswahili, Wabajuni na Wakenya wenye asili ya Kiarabu. Kijana wa jirani yangu alipotimiza miaka 18 alikwenda katika ofisi moja ya usajili na cheti chake cha kuzaliwa pamoja na nakala za vitambulisho vya wazazi wote wawili. Karani alisoma jina la tatu, akainua macho, akauliza, "Babu yako ana kipande?" yaani kitambulisho. Kijana akajibu kwamba babu alishafariki. "Basi leta cha bibi. Na hati ya shamba, kama ipo. Halafu uje Jumanne, siku ya wazee." Siku ya wazee ilikuwa siku ya kupigwa msasa, ambapo kijana alisimama mbele ya jopo na kuulizwa ukoo wake, kijiji cha asili na lugha ya nyumbani. Waliokuwa nyuma yake kwenye foleni, wenye majina ya sura nyingine, hawakutajiwa Jumanne yoyote.

Ukilitazama agizo la kuleta kitambulisho cha bibi utaona jinsi lilivyo zito. Hadi mwaka 1978 sheria ya usajili wa watu nchini Kenya iliwahusu wanaume peke yao. Mwanamke aliyefariki kabla ya hapo hakupata kuwa na kitambulisho hata kama aliishi Mombasa maisha yake yote. Kumdai mjukuu wake karatasi hiyo ni kumdai kitu ambacho serikali yenyewe haikukitoa. Maafisa hutegemea kifungu cha 8 cha Sheria ya Usajili wa Watu, kinachowapa uwezo wa kutaka ushahidi zaidi, na uwezo huo upo kweli. Lakini kifungu hicho hicho kinasema ushahidi uwe ule ambao mwombaji ana uwezo wa kuutoa. Sehemu hiyo ya mwisho haisomwi dirishani, nami ningemshauri kila mlalamikaji aiweke katika aya ya kwanza ya barua yake.

Barua hiyo ndiyo kazi yenyewe, na wengi huiharibu kwa kuijaza hasira. Wanaeleza kwamba karani alikuwa na kiburi, kwamba foleni ilikuwa ndefu, kwamba mtu alidaiwa chai, kwamba kompyuta zilikuwa hazifanyi kazi. Yote yanaweza kuwa kweli, lakini hakuna hata moja kati ya hayo lililo ubaguzi. Utovu wa adabu ni kosa la nidhamu, rushwa ina sheria zake, na uzembe huwaumiza wote sawasawa. Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010 kinaikataza Serikali kumbagua mtu, moja kwa moja au kwa njia nyingine, kwa misingi kama vile rangi, jinsia, asili ya kikabila au kijamii, dini, mavazi, lugha, ulemavu na kuzaliwa. Kwa hiyo mlalamikaji anapaswa kuonyesha mambo matatu: kwamba alitendewa tofauti, kwamba aliyetendewa vizuri zaidi alikuwa katika hali sawa na yake, na kwamba tofauti hiyo inatokana na mojawapo ya misingi hiyo.

Jambo la pili ndilo gumu na ndilo lenye nguvu. Vijana wawili wanaokaa nyumba moja ya kupanga wamefanya mtihani wa Kidato cha Nne mwaka mmoja, wamekwenda ofisi moja katika wiki moja, na kila mmoja amebeba cheti cha kuzaliwa na nakala ya kitambulisho cha mzazi. Mmoja amepigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole siku hiyo hiyo, akaondoka na karatasi ya kusubiria. Mwingine ameambiwa alete ya babu. Ukimpata yule wa kwanza akakubali kuapa hati ya kiapo, una kesi. Usipompata, unalo lalamiko tu, na ofisi itajibu kwamba kila mwombaji hushughulikiwa kulingana na hali yake. Kumpata si rahisi, kwa sababu aliyefanikiwa anaogopa kuchokoza waliompa, na sioni haki ya kumlaumu.

Ndiyo maana naona hatua ya kwanza isiwe kulalamika, bali kuilazimisha ofisi iandike. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa mtu aliyeathiriwa na uamuzi wa kiutawala haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Sheria ya mwaka 2015 iliyotungwa kukitekeleza inaipa ofisi miezi mitatu kujibu ombi la sababu, na inaongeza jambo ambalo kwangu ndilo lenye meno zaidi katika suala hili zima: ofisi isiyotoa sababu itachukuliwa, hadi ithibitishwe vinginevyo, kuwa ilitenda bila sababu nzuri. Kimya cha ofisi, ambacho kwa kawaida huilinda, hapo huanza kuisuta. Sambamba na hilo, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inamruhusu mwananchi kuuliza mwongozo gani ulitumika kumtaka aje siku ya wazee, na ofisi inapaswa kujibu ndani ya siku 21. Andika barua mbili, peleka kila moja na nakala yake, na usiondoke mpaka nakala igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Karani akikataa kugonga muhuri, na wapo wanaokataa, itume kwa rejista ya posta na uitunze risiti. Bila tarehe ya kupokelewa, ile miezi mitatu haina mahali pa kuanzia.

Baada ya hapo, milango iko mingi kiasi cha kumchanganya mtu. Mwaka 2011 Bunge liligawa jukumu moja la kikatiba katika tume tatu: ya haki za binadamu, ya jinsia na usawa, na ile ya haki ya utawala ambayo watu huiita Ombudsman. Kwa suala la kitambulisho ningeanza na hii ya mwisho, kwa sababu ndiyo inayosimamia pia Sheria ya Kupata Habari, na kupeleka lalamiko hakulipiwi. Mahakama nayo, kwa mujibu wa kifungu cha 22, haitozi ada ya kufungua kesi ya kutetea haki za kikatiba, na inaweza kupokea hata barua ya kawaida. Lakini sheria ya 2015 inataka njia za ndani zimalizwe kwanza, isipokuwa mahakama ikiridhika kwamba kuna sababu ya kipekee. Kumbukumbu za barua zenye mihuri ndizo zinazoonyesha kwamba njia hizo zilijaribiwa.

Wapo watakaosema kwamba nchi inayopakana na Somalia, iliyopigwa na magaidi Westgate mwaka 2013 na Garissa mwaka 2015, haiwezi kugawa vitambulisho kama peremende. Hoja hiyo siipuuzi. Serikali ina haki, na wajibu pia, wa kuhakikisha kwamba anayepewa hati ya uraia ni raia. Ila swali la usalama huulizwa juu ya mwombaji na nyaraka zake; likiulizwa juu ya kabila zima limekwisha kuwa swali jingine. Mwaka 1989 Wakenya wa asili ya Kisomali walipangwa mistari kuhakikiwa uraia wao upya na kupewa kadi za rangi ya waridi za kuwatenga na wenzao. Usalama haukuletwa na kadi zile. Na mfumo unaomzungusha raia halali kwa mwaka mzima ndio unaomfundisha asiye raia kwamba njia ya haraka ni kununua, kwa hiyo hata mwenye kujali usalama peke yake angekuwa na sababu ya kuuchukia.

Wengine, hasa wazee wetu, hushauri kwamba mambo haya huisha kwa kumwona mheshimiwa au mtu anayejuana na mtu ofisini. Huisha kweli, kwa huyo mmoja. Simlaumu mzazi ambaye mwanawe anakaribia kukosa nafasi ya chuo au kazi kwa ajili ya kitambulisho, lakini kila tatizo linalomalizwa kwa simu huondoa kwenye kumbukumbu za umma ushahidi ambao ungemfaa anayefuata.

Thamani ya kumbukumbu hizo ilionekana kwa Wanubi. Kesi yao katika Mahakama Kuu, iliyofunguliwa mwaka 2003, ilikwama kwa miaka kwenye masuala ya utaratibu, hata ikabidi shauri la watoto wao lipelekwe kwa Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto. Machi 2011 Kamati iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki ya watoto hao ya uraia na ya kutobaguliwa, na ikakumbusha kwamba mwaka mmoja ni karibu asilimia 6 ya utoto wa mtu. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ikafuata na uamuzi wake mwaka 2015 kuhusu jamii nzima. Hata hivyo msasa uliendelea, hadi Februari 2025 Rais William Ruto alipotia saini tamko la kuuondoa akiwa Kaskazini Mashariki. Nililipokea tamko hilo kwa furaha yenye tahadhari, kwa kuwa desturi iliyokuwa ikiendeshwa kwa mdomo inaweza kuendelea kwa mdomo pia.

Linaloniudhi zaidi ni mahali ulipowekwa mzigo wa kuthibitisha. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri anayedaiwa kubagua athibitishe kwamba hakubagua, kwa kuwa ndiye mwenye faili na ndiye anayejua kwa nini aliamua alivyoamua. Ofisi ya usajili ina faili zaidi ya mwajiri yeyote, lakini kijana wa miaka 18 anapokwenda mahakamani ni yeye anayetakiwa kuthibitisha. Bunge lingeweza kurekebisha hilo kwa kifungu kimoja. Na hata kabla ya Bunge, mkuu wa idara anaweza kuagiza kila dirisha liwe na daftari la fomu za kukatalia lenye nakala mbili, moja ya mwombaji na moja ya ofisi, zikionyesha tarehe, jina la afisa, nyaraka alizoletewa, nyaraka anazotaka ziongezwe na kifungu cha sheria kinachomruhusu kuzitaka. Afisa atakayelazimika kuandika kwa mkono wake "alete kitambulisho cha bibi" na kuweka sahihi chini yake atatakiwa pia kutaja kifungu, na kifungu kinachoruhusu kumdai mtu asichoweza kukitoa hakipo.