Nani Alikutuma Uing'arishe?

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye maonyesho ya silaha hapa Marekani, na nilichokiona meza ya tatu kutoka mlangoni bado kinanikereketa hadi leo. Jamaa ameiweka rivolva, bastola ya silinda inayozunguka, Smith & Wesson Model 10 juu ya kitambaa chekundu kama bibi harusi. Inang'aa mpaka unaweza kuhesabu meno yako ndani yake. Nikaomba ruhusa, nikafungua silinda, nikahakikisha haina kitu, kisha nikaigeuza. Kingo zote zimelika kama sabuni ya wiki mbili. Nembo ya kiwanda imebaki kivuli. Na kwenye mgongo wa mpini, pale idara za polisi zilipokuwa zikigonga herufi zao na namba ya silaha, pamesuguliwa pakawa tambarare.

"Palikuwa na maandishi ya polisi," akaniambia kwa fahari. "Nimeyatoa yote."

Na kwa kazi hiyo anataka dola 150 zaidi ya bei ya kawaida! Yaani umchome mtu kitabu halafu umtoze hela ya kiberiti.

Wengi wenu mnazijua rivolva hizi kwa hiyo sitapiga hadithi ndefu. Zilianza kutoka Springfield, Massachusetts, mwaka 1899 kwa jina la Military & Police, na mwaka 1957 kiwanda kilipoanza kuzipa bastola zake namba, hii ikawa Model 10. Zimetengenezwa zaidi ya milioni 6. Milioni sita! Kwa hiyo tusidanganyane kuhusu uadimu. Chuma chenyewe si adimu, na ufundi wake ni mzuri ila si wa ajabu. Kinachoitofautisha moja na dada zake milioni sita ni mahali ilipokaa na mikono iliyoibeba, na hayo yameandikwa juu ya ngozi yake, si kwingine. Jamaa wa kitambaa chekundu alikuwa na kitu kimoja tu cha pekee mezani kwake, akakipiga msasa.

Yangu niliinunua miaka minne iliyopita. Mtutu wa inchi 4, risasi .38 Special, na namba yake inaanza na herufi C, maana yake ni ya kati ya 1948 na 1967. Rangi ya buluu imeondoka mdomoni mwa mtutu pande zote mbili, na kwenye kingo za silinda, palepale ilipokuwa ikisuguana na ala ya ngozi kila siku. Rafiki yangu mmoja aliiona akasema imechakaa. Imechakaa nini? Itazame vizuri.

Chukua vibao vya mpini. Cha kushoto ni kizima, mbao ya mjozi iliyotulia. Cha kulia kimekwaruzwa vibaya, mikwaruzo mifupi mifupi iliyopandana, yote upande mmoja. Nilikaa na fumbo hilo karibu wiki nzima. Nikadhani labda iliangushwa, labda ilikuwa ikitumika kugongea misumari (msicheke, niliwahi kuiona moja ya hivyo). Siku moja nikiwa ndani ya gari, nafunga mkanda, nikapata jibu. Marekani dereva hukaa kushoto, na kifungo cha mkanda kiko kulia kwake, kiunoni, palepale inaponing'inia bastola ya askari anayetumia mkono wa kulia. Miaka na miaka ya kufunga mkanda na kufungua, kufunga na kufungua, chuma kikiparuza mbao. Huyo ni askari wa doria. Alikuwa akiingia na kutoka kwenye gari mara nyingi kwa zamu moja. Hakuna cheti cha kiwanda kitakachokuambia hilo. Kibao cha mbao kimeniambia.

Sasa fungua ndani. Mtutu ni safi, mistari yake bado imesimama, na nyuma, pale risasi inapoingia, hakuna ufa wala mmomonyoko. Ndiyo tabia ya silaha hizi: zilibebwa sana, zikapigwa kidogo. Mvua, jasho na ngozi viliila nje. Baruti haikupata muda wa kuila ndani. Ndiyo maana huwa nawaambia wanaoanza kuwa mnaogopa upande usiofaa. Uchakavu wa nje usikutishe, pima mashine. Silinda ikiwa tupu, na umehakikisha mara mbili, vuta nyundo polepole huku kidole kikiizuia silinda kidogo. Nyundo ikifika mwisho, silinda nayo iwe imeshajifunga. Rudia kwa vyumba vyote sita, maana chumba kimoja kikichelewa, risasi haitakaa sawa na mtutu na vipande vya risasi vitamrukia aliyesimama pembeni. Nyundo ikiwa imevutwa, isukume kwa dole gumba kutoka nyuma; ikianguka bila triga kuguswa, irudishe mezani na uage kwa heshima. Tikisa silinda mbele na nyuma. Na kagua ule mkono unaobeba silinda kama haujapinda, kwa sababu duniani kuna watu wanaofunga silinda kwa kuirusha kwa kifundo cha mkono kama kwenye sinema. Hao Mungu anawaona.

Ile ya Jumamosi, kwa taarifa yenu, silinda yake ilichelewa vyumba viwili. Pesa zote zilikwenda kwenye urembo.

Haya, kutu. Najua mtanirukia. Kutu inayoendelea kula chuma itolewe, sikatai: mafuta mepesi, pamba laini ya shaba, subira, basi. Na kama silaha ilishaharibiwa na fundi wa kwanza, wa pili anaweza kufanya atakacho, hakuna tena cha kuokoa. Hapo nimekubali. Nisiulizwe zaidi.

Lakini liko jambo lingine, na ndilo hasa lililonifanya nikae chini kuandika. Nilipoileta yangu nyumbani, rafiki yangu, Mswahili mwenzangu, aliitazama mezani, akanitazama mimi, akasema, "Kaka, wewe na rangi yako hiyo, katika nchi hii, unanunua bastola ya polisi? Tena unaifuta mafuta?"

Nilicheka, ila swali lilibaki. Kwa sababu tunaopenda vitu hivi tuna tabia ya kuvipamba. Tunasimulia askari mwema wa zamani, kofia na viatu vinavyong'aa, risasi sita zilizotosha. Zilitosha kwa nani? Mwezi Aprili 1970 huko Newhall, California, askari wanne wa barabara kuu waliuawa kwa dakika chache tu. Miami, Aprili 1986, maajenti wawili wa FBI wakauawa, na baada ya hapo idara baada ya idara zikahamia bastola za magazini. Rivolva zikauzwa kwa mafungu kwa wafanyabiashara, ndiyo maana wewe na mimi tukazipata kwa bei ya kawaida. Idara ya polisi ya New York iliwaacha askari wachache waliozizoea waendelee nazo hadi 2018. Huo ni upande mmoja. Upande wa pili, Februari 1965, mji wa Marion, Alabama, Jimmie Lee Jackson, kijana mweusi aliyekuwa akidai haki ya kupiga kura, alipigwa risasi na askari wa jimbo, akafa siku 8 baadaye. Kifo chake ndicho kilichochochea maandamano ya Selma. Hiyo ni enzi ileile ya herufi C kwenye mpini wa bastola yangu.

Kwa hiyo jibu nililompa rafiki yangu ni hili: ndiyo, naifuta mafuta, na yale maandishi ya idara nayaacha yalivyo. Nikiyafuta, inabaki pambo la chuma lisilo na mwenyewe wala la kujibu. Zikibaki herufi, mtu yeyote, hata mjukuu wa aliyewahi kuelekezewa mdomo wake, anaweza kuuliza ilikuwa ya nani, ilitumwa wapi, mwaka gani. Kwenye kumbukumbu za Smith & Wesson unaweza kuomba barua inayoeleza silaha ilitoka kiwandani lini na ilipelekwa kwa nani. Yangu niliiomba. Ilipofika, niliisoma nimesimama, bado nina koti.

Rafiki yangu hakuridhika sana. Alisema yeye angenunua baiskeli. Ni haki yake.

Mengine kwa ufupi. Jaza fomu 4473, ile ya serikali ya Marekani ya mnunuzi wa silaha, bila kunung'unika, subiri majibu ya ukaguzi, na nyumbani iwe tupu na ndani ya kasha lenye kufuli, watoto wawepo wasiwepo. Usiihifadhi ndani ya ala ya ngozi. Ngozi hunyonya unyevu na kuila chuma taratibu, na kutu hiyo haina historia yoyote, ni uvivu wako tu.

Jioni wakati natoka nilipita tena kwenye meza ile. Bado ipo juu ya kitambaa chekundu, na kijana mmoja ameinama anaitazama.

"Hii ilikuwa ya polisi?" akauliza.

"Ya polisi kabisa," jamaa akajibu.

"Polisi wa wapi?"

Jamaa akaichukua, akaigeuza, akautazama mgongo wa mpini. Kisha akatoa kitambaa mfukoni, akaanza kuufuta.