Picha Ziko Baridini, Majina Yako Kingolwira

Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri kwenye milima ya Usambara, wilaya ya Korogwe, kulikuwa na karakana ya filamu. Mradi uliitwa Bantu Educational Kinema Experiment, ukalipiwa na Carnegie Corporation ya Marekani, na ukatoa filamu zipatazo 35 za mkanda wa milimita 16. Zinazojulikana kubaki ni tatu tu, na ziko Uingereza, British Film Institute, taasisi inayohifadhi filamu. Mojawapo, ya 1936, inahusu mashamba ya wakulima wa Kingolwira, Morogoro.

Sisi tulio huku Ulaya tumezoea kusema: afadhali ziko huku, nyumbani zingeoza. Ghala kuu la taasisi hiyo, Gaydon, lina nyuzi 5 chini ya sifuri na unyevu wa asilimia 35. Dar es Salaam nani atakupa hali hiyo?

Ila kauli hiyo inatuzembesha. Mkanda wa asetati, aina ya plastiki, ukikaa kwenye joto na unyevu hutoa asidi ileile ya siki, na asidi hiyo ndiyo inayozidisha kuoza. Kopo moja la mkanda linalonuka siki huambukiza majirani zake kabatini, kwa hiyo litengwe siku hiyohiyo. Kupima si kazi ya Ulaya peke yake. Kuna vikaratasi vya bluu vinavyowekwa ndani ya kopo kwa saa 24: vikigeuka kijani uozo umeanza, vikiwa njano mkanda unakimbiliwa kunakiliwa. Kisha chukua rula. Fremu (picha mojamoja za mkanda) 100 za milimita 16 zikiwa nzima hufika milimita 762. Ukipata 754, mkanda umesinyaa kwa asilimia moja hivi, na hapo usiutie kwenye projekta: meno yake hayalingani tena na matundu, yatayachana yote.

Hata baridi inawezekana. Friza ya kawaida ya dukani inatosha makopo kadhaa. Kila kopo liingie mifuko miwili ya plastiki isiyopitisha hewa, na kati ya mifuko hiyo kadi ya kuonyesha unyevu. Wengi huharibu wakati wa kutoa: wanafungua mfuko kopo likiwa bado la baridi, matone yanatanda juu ya picha. Subiri siku nzima ndipo ufungue. Umeme ukikatika, ni mifuko hiyohiyo inayouokoa mkanda.

Kinachoniuma zaidi ni sauti. Filamu za Vugiri hazikuwa na sauti kwenye mkanda. Maelezo, kwa Kiswahili na lugha nyingine za Kiafrika, yalirekodiwa kwenye sahani za santuri. Mkanda bila sahani yake ni bubu, na mwandishi wa katalogi aliye London hana namna ya kujua yule mkulima mwenye jembe ni nani, kilima cha nyuma ni kipi. Hapo baridi haisaidii kitu. Wajukuu wa watu wale ndio wanaoweza, na wao pia hawatakuwapo milele.

Kwa hiyo mtafiti aende Kingolwira, na aende na picha zilizochapishwa, kubwa, siyo simu ya kupokezana. Asitaje jina la filamu kwanza, maana wazee watajibu kulingana na jina hilo. Aulize "hapa ni wapi?" kabla ya "huyu ni nani?", mahali hukumbusha watu. Filamu ionyeshwe dakika tano, isimame, irudiwe. Mzee akitumia Kiluguru asikatizwe, arekodiwe hivyohivyo. Kila jina liandikwe na dakika na sekunde linapoonekana, pamoja na aliyelitaja, kwa ridhaa yake. Wawili wakipingana, andika yote mawili.

Na hifadhi za huku Ulaya tuzidai mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni nakala ya dijitali ya ubora kamili, isiyobanwa wala kupigwa nembo juu ya picha, na iwekwe kwenye diski mbili katika miji miwili, zifunguliwe na kukaguliwa kila mwaka, kwa sababu diski iliyosahaulika droo hufa kimya. La pili ni nafasi ndani ya katalogi yao ya kupokea yale majina, kwa Kiswahili na Kiluguru, yakiandikwa palepale penye maelezo ya mwaka 1936.