"Dubu kubwa ilianguka"

Nimetoa shilingi 600 kununua kitabu cha picha cha wanyama, nimchekeshe binti yangu wa miaka minne kabla ya kulala. Ukurasa wa kwanza tu: "Dubu kubwa ilianguka kwenye theluji." Ilianguka! Mtoto akanitazama. "Mama, si alianguka?" Hajui kusoma, lakini anajua mnyama hasemwi hivyo. Aliyetafsiri na aliyechapa hawakulijua hilo?

Tena kichekesho chenyewe hakikumwingia. Dubu hajamwona, theluji hajaiona. Nikaanza kueleza manyoya, nikaeleza baridi, na nilipomaliza kicheko kilishapotea. Akageukia ukutani akalala.

Na sisi tuko Lamu jamani, mji wa punda! Punda ndiye anayebeba mawe, mchanga na saruji vichochoroni ambako gari halipiti, na tangu 1987 wana kliniki yao hapa mjini. Mwanangu huvunjika mbavu akimwona punda amegoma katikati ya kichochoro, kakiziba kama mlango, watu wamekwama mbele na nyuma, na mzee mwenye kikapu cha samaki anambembeleza kama bibi harusi. Na paka je, wanaokaa safu sokoni, vichwa vikipanda na kushuka pamoja na kisu cha muuza samaki?

Haya hayahitaji kutafsiriwa. Nipeni kitabu chenye punda huyo, kwa Kiswahili kilichonyooka, nami nitalipa hata mara mbili.