Kadi mpya ndogo au kubwa ya mtumba? Swali lianzie kwenye pawa saplai

Tuchukue Dell OptiPlex 9020 ya mnara, moja ya kompyuta za ofisi zilizoishia majumbani. Ukitaka iendeshe gemu, ushauri huwa wa aina mbili: nunua kadi ya michoro (GPU) ya GTX 1650 ikiwa mpya, au tafuta RX 580 ya mtumba yenye memori ya GB 8, mara mbili ya GB 4 za GTX 1650.

Wanaotetea RX 580 wana hoja nzito. GB 4 hujaa upesi kwenye gemu za miaka hii, na zikijaa picha hukwamakwama hata kama chipu bado ina nguvu. Ila kadi hiyo hula wati 185, na pawa saplai ya Dell hiyo ni ya wati 290 kwa mashine nzima, tena haina waya wa pini 8 wa kulisha kadi.

Hapo ndipo watu huunguza mashine. Wananunua adapta ya kugeuza plagi ya SATA, ile ya kulisha diski, iwe pini 8. Plagi ya SATA hubeba wati 54 kwenye volti 12. Pini 8 huruhusu hadi 150. Plastiki inalainika, inageuka kahawia, kisha inayeyukia ndani ya plagi. Njia salama ni pawa saplai ya wati 500 pamoja na adapta ya kugeuza plagi yake kuu ya pini 24 iwe pini 8 za madabodi (si zile za kadi), kwa sababu madabodi hii haipokei plagi ya kawaida. Gharama hizo zihesabiwe kabla ya kusema RX 580 ni rahisi.

GTX 1650 isiyo na plagi ya ziada hutosheka na wati 75 za sloti inamochomekwa kwenye madabodi. Kwa bajeti isiyobeba pawa saplai mpya, sioni sababu ya kubishana: ndiyo hiyo. Kadi ya RX 6400 nayo inatumia umeme kidogo, lakini hutumia njia 4 tu za PCIe (njia za data kati ya kadi na madabodi), na 9020 ni ya PCIe 3.0, kizazi cha zamani, kwa hiyo inabanwa. Pia haina kisimbaji cha video (sehemu ya chipu inayobana video inayorekodiwa), hasara kubwa kwa anayehariri au kurekodi gemu.

Ukiamua mtumba, kumbuka RX 580 nyingi zilichimba sarafu ya kidijitali ya Ethereum mpaka uchimbaji ulipokoma Septemba 2022. Fungua programu ya GPU-Z uhakikishe chipu ni ile iliyoandikwa kwenye boksi, kisha endesha FurMark, programu ya kuikamua kadi, dakika 15 palepale dukani. Vidoti vya rangi au mistari kwenye skrini ni dalili ya memori iliyochoka. Irudishe kabla hujalipa.