Ulikuwa mbali kiasi gani?

Mjomba wangu hajawahi kuniuliza napata mshahara kiasi gani. Nikimpigia simu Kondoa, Tanzania, siku ya Ijumaa baada ya swala, anauliza afya, anauliza watoto, anauliza baridi imefikia wapi. Ikifika Oktoba anaongeza jambo moja, kwa kuwa huku nawinda nikiwa juu ya mti: "Umeshapanda mtini?" Nikimwambia nimepata mnyama, hana haja na uzito wala pembe zake. Anataka kujua kitu kimoja: "Ulikuwa mbali kiasi gani?"

Huku Ohio, Marekani, ambako naishi mwaka wa tisa sasa, vijana wetu kadhaa wameanza kununua pinde za triga kwa ajili ya kulungu, na nasikia wanaulizana kwa namna nyingine: "Wako unafika yadi ngapi?" Mmoja alinitumia video akipiga boksi la shabaha kutoka yadi 60, kama mita 55, mishale mitatu imesimama pamoja kama vidole vya mkono mmoja. Nilimpongeza, maana shabaha ile si ya kubahatisha. Lakini kwa mnyama aliye hai yadi 60 ni mbali mno. Hata 45 ni mbali, na hilo nalisema kwa sababu lilinikuta mimi.

Kwa mlioko nyumbani: upinde wa triga, wenyewe wanauita krosibo, ni upinde mfupi uliolazwa juu ya kitako kama cha bunduki. Unavuta ugwe mpaka unanasa, unaweka mshale mfupi, unalenga kwa darubini, unabonyeza. Ndani ya darubini kuna mistari ya kulengea, wa yadi 20, wa 30, wa 40, na kuendelea. Mistari hiyo imewaponza wengi. Mtu akiuona mstari wa 60 anadhani ameruhusiwa.

Sheria ya Ohio haikukosa maneno. Inataka upinde huo uwe na uzito wa kuvuta usiopungua pauni 75, na chembe cha mshale kiwe na upana usiopungua robo tatu ya inchi. Inakataza mshale wa sumu. Inakwambia uanze nusu saa kabla ya jua kuchomoza na uache nusu saa baada ya kuzama. Umbali haikuutaja. Hapo umeachiwa mwenyewe, uko juu ya mti peke yako, umejifunga mkanda usianguke, na hakuna mtu wa kukushika mkono.

Kwetu mkono ulikuwa unashikwa. Mjomba alijifunza upinde kwa majirani zetu Wasandawe, watu wa upande wa Kwamtoro na Farkwa, na nilipokuwa mdogo nilimfuata porini mara mbili. Nakumbuka zaidi magoti yangu kuliko mnyama, kwa jinsi tulivyotambaa. Alikuwa akiokota vumbi na kuliachia lianguke apate kujua upepo unakwenda wapi, kisha tunazunguka kichaka kizima ili tusinukie. Tulimfikia swala mpaka nikaona sikio lake likifukuza nzi. Nilidhani atapiga. Akanigusa bega, akanionyesha kwa kidole: bado. Tukasogea tena. Swala akakimbia, tukarudi nyumbani mikono mitupu, na njiani hakulalamika hata mara moja.

Kuna jambo la wazee wale ambalo wengi hawalifikirii. Mishale yao ya wanyama wakubwa ilikuwa na sumu. Mshale ukiingia pajani au tumboni, sumu iliimaliza kazi, nao walifuata nyayo mpaka mwisho. Pamoja na sumu hiyo, bado walisogea karibu. Sisi huku hatuna sumu. Mshale wetu hauui kwa kishindo kama risasi, unaua kwa kukata. Usipopita kwenye mapafu au moyo, umemjeruhi tu. Na sehemu hiyo, kwa kulungu wa huku mwenye mkia mweupe, ni kama sahani ndogo, inchi nane hivi, nyuma tu ya bega. Kwa hiyo sisi ndio tuliopaswa kusogea karibu zaidi kuliko wao.

"Lakini upinde wangu una nguvu," ananiambia yule kijana wa video. Sibishani naye. Nguvu ipo, hata yadi 60 mshale utapenya. Kinachokosekana ni muda. Upinde wa kisasa unarusha mshale kwa futi kama 400 kwa sekunde, nao ukifyatuka unalia, tena kwa sauti kubwa kuliko upinde wa mkono. Sauti inakwenda futi 1,100 kwa sekunde. Yadi 45 ni futi 135: mlio unamfikia kulungu baada ya sekunde 0.12, mshale unafika baada ya 0.34, na kwa kweli zaidi kidogo kwa sababu unapungua kasi njiani. Katikati hapo mnyama ana zaidi ya sehemu mbili za kumi za sekunde. Kulungu akishtuka haruki kwanza, anakunja miguu na kushusha kifua ili apate nguvu ya kutimka. Kitu kikiachiwa kianguke, katika sehemu mbili za kumi za sekunde kinashuka sentimita 20, na hiyo ndiyo sahani yetu nzima. Hata ukitoa muda wa kushtuka, zinabaki sentimita za kutosha kuyakosa mapafu. Boksi la shabaha halina masikio. Ndiyo maana video ile haikunishawishi.

Katika yadi 20 nafasi hiyo inashuka mpaka sehemu moja ya kumi ya sekunde. Mnyama hajapata la kufanya.

Mimi nilifundishwa hayo na kulungu jike, msimu wangu wa pili. Ilikuwa jioni ya Oktoba, mwanga umebaki kidogo. Kipimo cha umbali kilisoma yadi 45. Alikuwa ameinua kichwa, masikio yameelekea kwangu, na hiyo peke yake ilitosha kuniambia nisipige. Nilisoma bismillahi, nikabonyeza. Nilimwona akijikunja na kugeuka kabla sijasikia mshale ukigonga. Nilishuka, nikatembea mpaka pale alipokuwa amesimama. Juu ya majani makavu kulikuwa na nywele nyeupe, za tumbo. Mshale ulikuwa umechomeka ardhini, na manyoya yake ya plastiki yalikuwa na uteute wa kijani. Niliunusa, nikajua. Damu ya mapafu ina povu na rangi iliyochangamka, ya ini ni nyekundu iliyokoza, lakini ile harufu ya nyasi zilizotafunwa maana yake ni tumbo, na mnyama wa tumbo hutakiwi kumfuata hapohapo. Ukimfukuza atakwenda maili nzima. Unamwacha alale mpaka asubuhi.

Usiku ule sikulala. Nilikaa jikoni nikijua kwamba mahali fulani gizani kuna kiumbe anateseka kwa sababu yangu. Asubuhi nilimkuta mita mia nne kutoka pale, amelala ndani ya kijito. Mtume (s.a.w.) alimwambia Adi bin Hatim kwamba ukimkuta mnyama wako baada ya siku na hana alama isipokuwa ya mshale wako, unaweza kumla, lakini ukimkuta amezama majini usile, maana hujui kama ameuawa na maji au na mshale. Nilimvuta nje, nikamfunika kwa matawi, nikamwacha. Mnyama mzima, nyama ya miezi, ikaachwa msituni. Sote tumeisoma ile hadithi ya Shaddad bin Aws: Mwenyezi Mungu ameandika wema katika kila jambo, na mkichinja chinjeni vizuri, mtu anoe kisu chake na ampunguzie taabu mnyama wake. Nilikuwa nikiisikia kila Idi. Nilikuwa nimenoa chembe changu vizuri kabisa. Umbali nilikuwa sijaunoa.

Tangu siku hiyo, kikomo changu ni yadi 30, yaani mita 27. Nikishapanda asubuhi, kabla ya kufanya lolote, napima miti yote inayonizunguka na kukariri: mkwaju wa kwanza, natania, huku hakuna mikwaju, ni mwaloni, 18, jiwe lenye kuvu, 24, gogo, 30. Ng'ambo ya gogo ni mnyama wa kutazama. Na hata ndani ya 30 si kila mnyama. Anayekula ameinamisha kichwa, ubavu uko wazi, ndiyo. Aliyekaza shingo na kugonga ardhi kwa kwato, hapana, hata akiwa yadi 20. Anayenitazama uso kwa uso, hapana. Anayetembea, hapana. Kijiti chembamba kikiwa katikati, hapana, kwa sababu mshale ukigusa kijiti hujui utaishia wapi. Atakayeniambia kikomo chake ni 35 sitagombana naye, mradi alikiweka akiwa chini, moyo umetulia, wala hakukivuta mbele kwa sababu dume mkubwa amesimama 50.

Naandika hili kwa uchungu pia, kwa sababu nchi hii imenipa kitu ambacho mjomba hana. Mimi naendesha foko, gari la kunyanyulia mizigo, ghalani, sina ardhi wala jina, lakini nilikaa darasani, nikafaulu, nikalipa, nikapewa leseni ya kumwinda kulungu na kula nyama yake na watoto wangu. Kwetu, anayewinda kwa amani mara nyingi ni mgeni anayelipa maelfu ya dola. Wahadzabe wamebakiziwa ruhusa ya kuwinda kwa kujikimu. Mjomba, aliyejifunza kusogea karibu tangu utotoni, upinde wake unaning'inia juu ya dari, na akikutwa nao porini ataitwa jangili. Sisemi misitu ifunguliwe holela, nimeona kilichobaki. Nasema tu kwamba tuliopewa nafasi hii hatuna haki ya kuitumia ovyo. Anayejua kungoja amenyimwa, na sisi tuliopewa ndio tunaorusha yadi 60.

Novemba iliyopita, siku ya baridi kali, dume mwenye pembe zenye ncha nane alitokea upande wa shamba la mahindi yaliyovunwa. Alisimama ng'ambo ya gogo. Kipimo: 38. Ubavu wazi, kichwa chini. Nilimngoja aongeze hatua kumi. Hakuongeza. Alisugua pembe kwenye mti mchanga mpaka gome likachanika, akanusa hewa, akaingia msituni.

Nilimpigia mjomba siku hiyohiyo. Akauliza alikuwa mbali kiasi gani, nikamwambia kama hatua arobaini. Akanyamaza kidogo.

"Ulimwona vizuri lakini?"

Nilimwona vizuri, mjomba. Hata mvuke wa pumzi yake niliuona.