Nyanya yangu mzima kabisa

Kabla hujaamini ile hadithi ya jirani yangu wa meza kuhusu yaliyonipata ofisini Alhamisi, aliyoipachika kwenye kundi la WhatsApp jana usiku na chumvi kilo mbili, soma yangu. Sikulia. Na sikupiga magoti.

Tatizo lilikuwa ripoti ya robo mwaka. Wiki mbili naikimbia. Kila nikiifungua, mtu anaegemea meza yangu: "Kiongozi, dakika moja tu." Hapa Upper Hill, Nairobi, dakika moja ni ndugu ya "nimekaribia kufika" ya mtu ambaye bado anatafuta soksi Rongai. Nikaamua kutenga muda. Kuna Mwitaliano, Francesco Cirillo, ambaye akiwa mwanafunzi mwishoni mwa miaka ya 1980 masomo yalimshinda, akachukua saa ya jikoni yenye umbo la nyanya, akaitega, akainamia kitabu hadi ilie. Siku hizi watu hufanya hivi: dakika 25 kazi moja tu, 5 za kupumua, na ukimaliza raundi nne unapumzika hata nusu saa. Kila raundi inaitwa pomodoro, yaani nyanya.

Basi mimi na Uswahili wangu nikaingia kwenye kalenda ya ofisi, Alhamisi asubuhi, nikaandika: "Nyanya ya 1." "Nyanya ya 2." "Nyanya ya 3." Ya nne nikaiandika kwa furaha: "Nyanya ya mwisho. Kisha kupumzika." Nyekundu ilikuwa imeshachukuliwa na mikutano ya bosi, nikaweka rangi ya kijivu.

Nawasikia mkianza kucheka. Subirini. Kwetu Karatina mama yake mama ni shosho, tangu nizaliwe ni shosho. Nyanya kwangu ni ile ya kachumbari. Haikunijia hata kidogo kwamba kalenda hiyo huonwa na watu 22. Na walimu wa ngeli mtulie: "nyanya yangu" ni sahihi kwa aliye kijijini na kwa iliyo kikapuni.

Simu nikaikata mtandao, nikabakiza kengele na muziki, nikajifungia kwenye kale kachumba ka mikutano kenye mlango wa kioo.

Yaliyotokea nje niliyajua baadaye. Jirani yangu aliona kalenda, akanipigia, mteja hapatikani. Akachungulia kiooni: nimeinama, kichwa mikononi. (Gharama za usafiri zilikuwa zimekataa kulingana kwa shilingi 300.) Akapita tena, mabega yangu yanatetemeka. Hizo zilikuwa zile dakika 5, niko kwenye kompyuta naangalia video ya mbuzi anayemfukuza bwana harusi. Kundi likafunguliwa hapo hapo, wote wakaingizwa isipokuwa mfiwa.

Sasa twendeni polepole, maana ndipo panaponiuma.

Saa tano kasoro dakika tano, kengele ya nne ikalia. Ripoti imekwisha! Ile 300 nimeipata, niliandika 450 mahali pa 150. Nikaziba masikio kwa zile spika ndogo, muziki juu, nikasukuma mlango kwa makalio. Nikatoka kinyumenyume. Nacheza. Mikono hewani. Na kwa kuwa sijisikii, nikapaza sauti kuliko nilivyokusudia:

"Nyanya imeishaaa! Asante Yesu!"

Nikageuka.

Walikuwa wamesimama nusu duara, vichwa chini. Mzee wa hesabu, ambaye pia ni mzee wa kanisa, alikuwa katikati ya maombi na mkono wake ulibaki huko huko juu. Dada wa mapokezi ana tishu puani. Bosi jicho moja limefunguka, la pili bado linaomba, na kifuani amekumbatia bahasha ya kaki. Nyuma yao chupa mbili za chai na sahani ya mandazi. Kiuno changu kilikuwa hakijapata habari, kikazunguka mara mbili zaidi bila idhini yangu. Nikachomoa spika moja sikioni, na muziki (mnaujua muziki wangu) ukaanza kulia kiganjani, kwa sauti ya mbu, ofisi nzima ikisikiliza.

"Kila mtu huomboleza kivyake," dada wa mapokezi akanong'ona.

Ningenyamaza, ningekuwa nimeokoka. Lakini mdomo huu!

"Hapana, si nyanya yangu. Ni nyanya ya Mwitaliano."

Bosi akanishika bega. "Hatukujua nyanya yako alikuwa Mwitaliano. Pole sana, kijana."

Ilibidi nichore ubaoni. Nyanya, kwa kalamu nyekundu, na kikonyo chake. Mzee wa hesabu akaitazama muda mrefu, kisha akasema "Amina" na kurudi mezani kwake.

Mchango ulikuwa shilingi 14,350. Nimeurudisha wote kwa M-Pesa, ada juu yangu. Mandazi yaliliwa. Nimeingizwa kwenye kundi hatimaye, sasa linaitwa Kachumbari.

Shosho alipelekewa habari na binamu yangu, msaliti, akanipigia jioni. Hakukasirika hata kidogo. Alitaka tu kujua walichanga ngapi. Nikamtajia. Kimya.

"Na umerudisha?"

"Nimerudisha, shosho."

"Zote?"

"Zote."

"Ungeniuliza kwanza," akasema, akakata simu.