Mtoto wa la tatu na utafiti: tunamuwahisha au tunamchelewesha?

Hii ishu ya kuwafundisha watoto wadogo kutumia maktaba na kufanya utafiti inagawa watu sana huku Kigoma, walimu kwa walimu na wazazi kwa wazazi. Wapo wanaosema mtoto wa la tatu au la nne aanze kujua kutafuta kitabu, kufungua faharasa, kulinganisha maelezo ya watu wawili, kuandika kwa maneno yake mwenyewe. Wengine wanasema jamani huyo mtoto aya moja tu anaisoma kwa kukwamakwama, utafiti wa nini? Mi nina upande wangu na nitausema, ila hawa wanaopinga mara nyingi wanajibiwa harakaharaka kana kwamba hawapendi elimu, wakati hoja zao ni nzito, kwa hiyo naanza nao.

Kwanza mazingira yenyewe. Tangu elimu iwe bila ada 2016 watoto wamejaa shuleni, na ni jambo jema kabisa, lakini matokeo yake kuna madarasa mwalimu akisimama mbele wa nyuma hawamsikii na kitabu kimoja cha kiada wanakichungulia watoto wanne. Maktaba ya shule kwa shule nyingi ni kabati ofisini kwa mwalimu mkuu, lina kufuli, sababu kitabu kikipotea anayeulizwa ni yeye. Maktaba ya mkoa ipo, chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba iliyoanzishwa kwa sheria ya 1963, ila mtoto wa Kakonko au wa Kalya kule kusini mwambao wa Ziwa Tanganyika anaifikiaje? Na tukumbuke mtaala wa la kwanza na la pili ulibadilishwa 2015 ukawekwa nguvu yote kwenye KKK, kusoma kuandika na kuhesabu, kwa sababu watoto walikuwa wanapanda madarasa bila kujua kusoma. Mtu akisema tumalize hilo kwanza hajakosea.

La pili linaniuma zaidi, na ni steshenari. Mtoto kapewa projekti, andika kuhusu vyanzo vya maji, analeta taarifa nyumbani jioni na inatakiwa kesho, mama anakimbia naye steshenari pale Mwanga, hapa Kigoma mjini, kijana wa kompyuta anaingia Google anakopi anaprinti kurasa nne na picha ya rangi juu, anatia jina la mtoto, imeisha. Siku hizi hata kutafuta hatafuti, anaiuliza AI inamwandikia yote. Mtoto anarudishiwa kazi ina alama nzuri na tiki nyekundu na humo ndani hakuna sentensi hata moja anayoweza kukuelezea. Hapo aliyetafiti ni nani? Huyo tumemfundisha kudesa akiwa na miaka tisa, tena tumempa na alama juu, na akifika chuo tunashangaa kwa nini ripoti yake ya fildi ni ya mwenzake wa mwaka jana. Wazazi wanaochukizwa na hizi projekti nawaelewa kabisa, wamelipia kitu ambacho mtoto hajakipata.

Alafu kuna hoja ya tatu, hii ndo ya kitaalamu zaidi. Inasema huwezi kumfundisha mtu "kutafuta" kama ujuzi unaojitegemea, sababu ili ujue ulichokipata ni kweli au uongo lazima uwe tayari unajua kitu kuhusu hilo jambo. Mfano wake maarufu uko Marekani. Kuna tovuti iliwekwa mwaka 1998 inaelezea pweza anayeishi juu ya miti msituni kaskazini magharibi mwa nchi hiyo, eti yuko hatarini kutoweka, ni uongo mtupu ila imepangwa vizuri kama ya kisayansi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Connecticut wakiongozwa na Donald Leu wakawapa wanafunzi wa darasa la saba waliohesabika kuwa wasomaji wazuri mtandaoni, na karibu wote wakaiamini. Wanaotaka utafiti ufundishwe wanasema mnaona, watoto hawajui kukagua chanzo. Ila ukiangalia vizuri wanaopinga nao wanapata silaha humohumo: mtoto wa Bagamoyo anayemuona pweza mnadani kila siku ungemwambia anapanda mti angekucheka, hahitaji somo la kukagua tovuti, anamjua pweza.

Hapa ndipo mi naachana nao, na naachana nao kwa kutumia hoja yao wenyewe. Kama kukagua kunategemea kujua, basi tuanzie pale mtoto anapojua. Wa Kigoma hamjui pweza, ziwa letu halina pweza, lakini mwambie migebuka, samaki wa ziwa letu, wanapanda mti uone. Mtoto wa Kibirizi au Katonga ana maarifa mengi kuhusu dagaa kuliko kitabu chake cha sayansi. Anajua wakati wa mbalamwezi mitumbwi hailali ziwani kama siku za giza, sababu taa ndo inavuta dagaa na mwezi ukiwaka taa inakosa nguvu. Muulize kwa nini ziwa lilifungwa wavuvi wasivue kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti 2024. Nyumbani kasikia ni kuwaonea wavuvi, redioni kasikia ni samaki wazaliane, afisa uvuvi kaeleza kivyake, na upande wa pili wa ziwa wako Kongo na Burundi na chini kabisa Zambia, wote wanavua maji hayohayo. Huo ni utafiti kamili, una vyanzo vinavyopingana, una watu wa kuhojiwa, na steshenari haiwezi kuuprinti sababu baba yake yule mtoto hayumo kwenye Google.

Au nenda Ujiji pale penye kumbukumbu ya Livingstone, yule mmisionari mpelelezi, na Stanley, mwandishi wa habari aliyekuja kumtafuta. Kila mtoto anakaririshwa walikutana 1871. Sawa, tarehe ngapi? Stanley aliandika 10 Novemba. Ukifuata maandishi ya Livingstone mwenyewe inaangukia mwishoni mwa Oktoba, maana mzee alikuwa mgonjwa muda mrefu na hesabu ya siku ilishampotea. Watu wawili walikuwepo wote, wamepeana mikono, na hawakubaliani siku. Mtoto wa la nne akilielewa hilo moja tu, kwamba aliyekuwepo naye anaweza kukosea na kwamba kilichoandikwa kitabuni kiliandikwa na mtu, amepata kitu ambacho wengi wetu tumekikuta ukubwani. Na Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, alipofika msitu wa Gombe hapa Kigoma Julai 1960 hakuwa hata na digrii, alikuwa na darubini na daftari, akakaa anaangalia, na mwaka huohuo akaona sokwe anachomeka majani kwenye kichuguu kutoa mchwa wakati wasomi walikuwa wanasema kutengeneza zana ni kwa binadamu peke yake.

Sasa hiyo haina maana nakubaliana na kila kinachoitwa ujuzi wa maktaba. Kuna watu wakisikia maktaba wanaanza na namba za Dewey, zile za kupangia vitabu kwa mada, mtoto akariri 500 ni sayansi na 900 ni historia na jiografia. Mi naona hilo lisubiri. Mfumo huo ni wa 1876 na una mantiki yake, samaki kama kiumbe wako 597 na uvuvi kama kazi uko 639, kwa hiyo anayemtafuta dagaa anamkuta sehemu mbili, ni jambo zuri kumwonyesha mtoto siku akifikishwa maktaba ya mkoa lakini kwa shule yenye kabati moja utakuwa umemkaririsha namba tu. Vinavyofaa sasa ni ukurasa wa yaliyomo, kamusi, kuuliza swali linalojibika, na kuandika mwishoni nimeambiwa na nani au nimesoma kitabu gani ukurasa wa ngapi. Vifanyike ndani ya Kiswahili na sayansi, visigeuzwe somo jipya, walimu wamezidiwa tayari. Na kazi yote iandikwe kwa mkono, darasani, isiende nyumbani.

Wanaosema tusubiri wafike sekondari naona hawahesabu lugha. Form one kila kitu kinageuka Kiingereza, mtoto anapambana na maneno, hapo ndo umfundishe pia kupima hoja? Miaka ya msingi ndo pekee anayoweza kujifunza kuuliza na kubisha kwa lugha anayoimudu. Na hata kusoma kwenyewe, mtoto anayetafuta jibu la swali lake anavumilia aya ngumu kuliko anayesomeshwa kwa fimbo.

Kinachonipa wasiwasi ni mwalimu. Wakutubi wanasomeshwa Bagamoyo, shule ya msingi hawaletwi, anateuliwa mwalimu mwenye vipindi vyake kibao anakabidhiwa ufunguo wa kabati basi. Na hata huyo mwenye moyo atafundisha kinachotoka kwenye upimaji wa darasa la nne maana shule inapimwa kwa hicho. Ndo maana mi nikipewa nafasi ya kuomba kitu kimoja siombi jengo wala kompyuta, naomba swali kwenye huo upimaji: habari mbili fupi za tukio moja zinazotofautiana, mtoto aseme zinatofautiana wapi na angemuuliza nani ili ajue. Linachukua nusu ukurasa, anaweza kulijibu mtoto wa Kakonko sawa na wa Mwanga, na likitoka mwaka mmoja tu, mwaka unaofuata walimu watakuwa wanalifundisha.